Sauti ya Konokono

Abiria aliyeachwa na basi aligonga kioo cha kibanda kwa funguo zake, ko ko ko, kama mtu anayemwamsha mlinzi aliyesinzia kazini.

"Wewe ndiye unayetangaza?"

Mwanamke aliyekaa ndani, mbele ya kipaza sauti, akaitikia kwa kichwa.

"Umetangaza nini sasa? Sisi pale kwenye mabenchi tumesikia khaa, khaa, kama redio iliyoangukia ndooni. Basi limekwenda na mzigo wangu, mimi nimebaki na tiketi. Kama una mafua si ukae nyumbani kwako?"

"Samahani, baba," alisema. Sauti ilitoka kama karatasi inayochanwa. Yule abiria akamtazama, hasira ikampungua kidogo, akaondoka akinung'unika kuhusu watu wanaopewa kazi wasizoziweza.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Madereva na makondakta walimwita Kinanda, na hawakumwita hivyo kwa mzaha. Akiutaja mji, hata uwe mji wa vumbi na mbuzi, mtu alitamani kwenda. Watoto waliopotea kituoni walinyamaza kulia wakimsikia anawataja kwenye spika. Mkuu wa kituo wa zamani, aliyekwisha kustaafu, alipenda kusema kwamba Kinanda angeweza kusoma orodha ya nauli watu wakadhani ni barua ya mapenzi.

Sasa kinanda kilikuwa kimepasuka. Alitafuna tangawizi, akajifukiza, akajifunga kitambaa shingoni jua likiwaka, lakini wapi. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache kiasi kwamba majirani walisema Mungu alipogawa ndimi katika nyumba ile, zote mbili alimpa mke. Siku Kinanda alipotema damu kwenye karai, fundi hakusema kitu. Alivaa shati lake la kutokea, akachukua mwavuli, akasimama mlangoni mpaka mkewe akaelewa kwamba wanakwenda hospitali.

Daktari wa koo aliwachorea picha kwa kalamu ya wino. Hapa njia ya chakula, hapa njia ya hewa, na hapa katikati kisanduku cha sauti. Kwenye kisanduku akaweka doa, akalikoleza.

"Uvimbe umekaa hapa, mama. Ukikubali tuuondoe mapema, matumaini ya kupona ni makubwa. Tukiuacha utasambaa."

"Mkishaukata, sauti yangu itabaki kiasi gani?"

"Tutaondoa kisanduku chote."

"Nimesikia, daktari. Nauliza itabaki kiasi gani."

Daktari akaiweka kalamu chini. "Haitabaki. Kuna vifaa, kuna mazoezi, wapo wanaojifunza kusema kwa namna nyingine. Lakini hii tunayoisikia sasa, hapana."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na sinki, na koki yake ilidondosha maji, tone, kimya, tone. Walipotoka hadi kwenye ukumbi wenye watu wengi waliokaa wakisubiri, Kinanda alisimama.

"Hata leo hukuwa na neno la kumwambia daktari?"

"Bomba lao linavuja," alisema fundi.

Mara tu neno lilipomtoka akajua amekosea. Alitaka kulirudisha, lakini mkewe alikuwa ameshatangulia, anapita katikati ya wagonjwa akiwa ameinua kidevu.

*

Mkuu mpya wa kituo alikuwa kijana wa tai. Aliisoma barua ya hospitali kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye simu.

"Pole sana, dada yangu. Pole sana. Kwa hiyo ndiyo hutaweza tena?"

"Mpaka sasa bado nasema."

"Ndiyo, ndiyo. Ila abiria wanalalamika. Sasa kuna mashine tumeletewa, ina sauti ya msichana mmoja hivi, imeshawekwa tayari. Haiumwi, haidai likizo." Akacheka, kisha akakigeuza kicheko kikohozi, na kikohozi kikawa kibaya kuliko kicheko. "Lakini hatukutupi. Utakaa stoo ya mizigo iliyosahaulika. Kule kumetulia, hakuna haja ya kuongea na mtu."

"Nashukuru."

"Na ule ufunguo wa kibanda, ungeuacha tu leo. Usijisumbue kurudi."

Kinanda akauchomoa kutoka kwenye kishikio cha funguo zake. Ulikataa kutoka, ukamkwaruza ukucha. Mkuu wa kituo alinyoosha kiganja akisubiri, macho yamerudi kwenye simu.

*

"Siendi kukatwa," alisema jioni hiyo mezani.

Binti yao, aliyefanya kazi katika duka la mikate na kurudi kila siku na unga kwenye nyusi, aliacha kula. "Mama, utakufa."

"Wote tutakufa. Mimi nitakufa naongea."

"Na sisi?"

"Ninyi wawili mtabaki mnatazamana. Si mmezoea kukaa kimya, wewe na baba yako?"

"Baba! Sema kitu basi!"

Fundi alifumbua mdomo. Maneno alikuwa nayo, tena mengi, lakini yalimjia yote kwa pamoja yakakwama kooni kama uchafu kwenye bomba jembamba. Lililofanikiwa kupenya lilitoka kwa kishindo.

"Nenda ukakatwe."

Kinanda akamtazama. Mabega yake yakatikisika kwa kicheko cha uchungu. "Miaka yote hii nimengoja sentensi yako moja ndefu, baba watoto. Ndiyo hii?"

Akainuka, akaenda kulala na jua halijazama. Binti alimfuata, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha Kinanda, uso ukiwa ukutani, akaanza kusimulia jambo ambalo binti alikuwa amelisikia mara nyingi na hajawahi kulisikiliza.

Alipokuwa msichana mdogo, watu walikuja shuleni kwao kutafuta mtoto mwenye sauti. Walikuwa walimu wachache na wachoraji, wanatengeneza filamu ya katuni kwa mikono yao, picha baada ya picha. Waliwasimamisha watoto mstari mzima wakawasomesha, na wakamchukua yeye. Filamu ilimhusu konokono aliyealikwa harusini. Anatembea, anatembea, anapita mvua na kiangazi, na anapofika bibi harusi ana mtoto mgongoni. Sauti ya konokono ilikuwa yake.

"Na hujawahi kuiona," alisema binti, akikumbuka.

"Siku walipoionyesha, umeme ulikatika mtaani kwetu. Mama yangu alikuwa amealika watu, amewapanga sebuleni kwa mwenye televisheni, amenivalisha gauni. Tukakaa gizani tunangoja. Umeme uliporudi, mtu anasoma habari." Akanyamaza apate pumzi. "Haikuonyeshwa tena. Nimewauliza watu wa rika langu, kazini, kanisani, sokoni. Hakuna anayeikumbuka. Wengine wananitazama kama nimezua. Kuna wakati mimi mwenyewe nilidhani niliiota."

"Ulimwambia baba?"

"Nilimwambia alipokuwa ananichumbia. Unajua alinijibu nini? 'Konokono hana sauti.'"

Binti alishindwa kujizuia, akacheka. Mama naye akacheka, kisha kikohozi kikamkamata kikamkunja mara mbili. Kilipomwachia alisema, polepole, "Nataka nijisikie kwa masikio yangu mara moja. Nikishajisikia, nipelekeni mnakotaka."

Upande wa pili wa ukuta, fundi alikuwa amesimama na sahani mikononi. Alikuwa amesikia yote.

*

Kesho yake fundi hakwenda kwenye kazi yake. Alikwenda kwenye kituo cha televisheni, na kwa kuwa hakujua mtu huvaa nini anapokwenda kuulizia filamu, alikwenda na nguo zake za kila siku na mfuko wake wa vifaa.

"Fundi, umechelewa!" mlinzi alimpokea getini. "Choo cha ghorofa ya pili kimefurika tangu jana. Watu wanavuka barabara kwenda kujisaidia mgahawani."

"Mimi nimekuja..."

"Panda, panda, ngazi ile."

Kabla hajamaliza sentensi alikuwa ameshafika ghorofa ya pili, viatu majini. Akafikiri kidogo. Kisha akakunja suruali, akatoa spana, akatengeneza. Alipomaliza alimkuta mama mmoja koridoni, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, anapita kwa tahadhari akiwa ameshika sketi.

"Ahsante, fundi. Umetuokoa."

"Mama, natafuta konokono."

"Chooni?" Mama akaruka nyuma.

Ilimchukua fundi muda mrefu kueleza. Alianza mwisho akarudi mwanzo, akataja harusi kabla ya filamu, akasema mke wangu, akasema koo, akasimama. Lakini yule mama alikuwa ndiye mtunza kanda, na alikuwa amezoea kuunganisha vipande. Alimkaribisha ofisini kwake, chumba chenye rafu ndefu zilizokuwa na kila kitu isipokuwa kanda.

"Za miaka ile hakuna, kaka yangu. Kanda zilikuwa adimu. Ikishaonyeshwa mara moja, tunaifuta tunarekodi kingine juu yake. Hiyo yako nadhani ilifutwa kwa ajili ya mpira."

"Mpira gani?"

"Hata sikumbuki. Tulifungwa."

Fundi alitazama maji yaliyokuwa yanachuruzika kutoka kwenye viatu vyake kwenda kwenye zulia la watu.

"Usikate tamaa," alisema yule mama, akimwonea huruma. "Baadhi ya katuni walizinunua watu wa nchi za nje. Wenzetu wanahifadhi. Una kijana nyumbani anayejua mambo ya mtandao? Mwambie atafute huko."

Alishuka ngazi. Mlinzi alimuuliza kama wamemlipa, akasema ndiyo, kwa sababu ilikuwa fupi kuliko hapana.

*

Binti, aliyeelezwa na baba yake, aliitafuta filamu kila alipopata nafasi, amejibanza nyuma ya duka kati ya mkupuo mmoja wa mikate na mwingine. Aliandika kwenye makundi ya watu asiowajua, akaeleza konokono, harusi, mvua. Wengi hawakumjibu. Mmoja alimdhihaki. Mwishowe mzee mmoja wa nchi ya mbali, mwenye picha ya paka badala ya uso wake, alimtumia filamu bila salamu.

Binti aliifungua palepale. Konokono mwenye kofia ya majani alikuwa anatembea juu ya ukuta mwekundu. Rangi zilikuwa zimefifia, lakini ndiyo yenyewe. Konokono akafumbua mdomo, akasema. Binti akaangalia kama simu ina kasoro. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Walionunua filamu walikuwa wameondoa sauti za awali na kuweka za kwao. Konokono alikuwa anaongea lugha ya kigeni, kwa sauti ya mtoto wa huko, na hakukuwa na neno hata moja ambalo mtu angeelewa.

Alimsubiri baba yake njiani ili wasizungumzie nyumbani.

"Tumwambie hatukuipata?" aliuliza. "Tukimwonyesha hii atasema, si tulikubaliana nijisikie? Atakataa hospitali kabisa."

Fundi aliitazama simu. Konokono alikuwa mdogo sana kwenye kioo.

"Picha ni ileile?"

"Nadhani."

"Basi ana haki ya kuiona," alisema fundi. "Tusimfunike macho."

Binti alimkodolea macho. Hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila kusukumwa.

*

Waliitazama Jumapili alasiri, kwenye kompyuta ambayo binti aliazima dukani, imewekwa juu ya meza ya kulia. Kinanda alikuwa amevaa gauni zuri na kusuka nywele. Walikuwa wamemweleza ukweli, na alikuwa ameupokea bila kusema neno, jambo lililowatisha kuliko kama angepiga kelele.

Konokono alitokea juu ya ukuta mwekundu.

"Huyo," alisema Kinanda. Mkono ukamwenda kifuani. "Huyo hapo. Mnamwona? Sikuota."

"Tunamwona, mama."

Mtoto wa kigeni akaanza kusema ndani ya konokono. Kinanda alimsikiliza kwa makini, kichwa kimelala upande, kama mtu wa kazi moja anavyomsikiliza mwenzake.

"Anajitahidi, mtoto wa watu," alisema. "Lakini ana haraka. Konokono gani huyo mwenye haraka?"

Kisha, konokono alipofika mtoni na kukuta daraja limebebwa na maji, Kinanda akaegemea mbele.

"'Jamani, harusi! Msinifungie mlango, nakuja na nyumba yangu!'"

Sauti ilikuwa imechanika, nzito ya ugonjwa, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kilichopanda juu, kidogo, cha mtoto. Binti nywele zilimsimama. Mama yake aliendelea, anafuata mdomo wa konokono, anaingia palepale panapofunguka na kutoka palepale panapofunga. Alibishana na chura. Aliomba hifadhi kwa siafu. Alimwambia jongoo, "'Wewe una miguu yote hiyo na bado umekaa, mimi nina tumbo tu na nimefika hapa.'" Fundi alicheka kwa sauti, akajishtukia.

Binti alinyanyua simu yake taratibu, akaielekeza kwa mama yake.

"Iweke chini," alisema Kinanda bila kugeuka. "Sitaki mnisikilize kama marehemu na mimi nipo jikoni nakaanga vitunguu."

Akaiweka chini.

Konokono akafika jangwani. Akasimama juu ya jiwe, peke yake, na mtoto wa kigeni akaanza kusema maneno marefu, pengine maombi, pengine wimbo. Kinanda alifumbua mdomo. Akangoja. Mdomo wa konokono uliendelea kufunguka na kufunga, na yeye hakuwa na cha kuweka ndani yake.

"Hapa sikumbuki," alisema.

"Si kitu, mama."

"Nilikuwa nayajua yote. Mwalimu alinipa peremende kwa ajili ya hili jiwe." Alijaribu neno, likawa silo, akajaribu jingine. Kikohozi kikamjia, na alipoondoa leso mdomoni aliikunja haraka wasiione. Filamu iliendelea bila yeye. Konokono alifika harusini akaongea na bibi harusi mwenye mtoto mgongoni, na kila alichokisema alikisema yule mtoto mwingine, kwa lugha ya kwao, mpaka mwisho.

Binti alizima kompyuta. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, unagonga geti la jirani.

Kinanda alinyoosha kitambaa cha meza pale kompyuta ilipokuwa. "Sikujisikia," alisema. "Lakini ninyi mmenisikia?"

"Tumekusikia," alisema fundi.

"Basi yatosha. Kamwambieni daktari nakuja."

*

Siku ya kupasuliwa binti alikaa karibu naye, akisubiri neno la mwisho. Alikuwa ameapa moyoni kulishika, lolote litakalokuwa. Mama yake alimshika mkono, akaubana, akatabasamu, na hakusema kitu. Wauguzi walipofika kusukuma kitanda, Kinanda alimgeukia mmoja wao.

"Dada, hii shuka ina mchanga," alisema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Binti alilia sana kwa sababu yake, na miaka mingi baadaye bado hakuweza kuyasimulia bila kucheka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari aliridhika. Kinanda alirudi nyumbani na tundu shingoni, limefunikwa kwa kitambaa chepesi, na kibao kidogo cha kuandikia kimening'inia kwenye kamba. Majirani walikuja. Walizungumza naye kwa kupaza sauti, kana kwamba kilichoondolewa ni masikio. "UNAENDELEAJE, SHOGA?" Akianza kuandika, walichungulia juu ya kibao wakammalizia sentensi, na kila mara waliimalizia vibaya. Wengine walimruka, wakamuuliza binti, "Anakula?" Wiki zilivyopita wakapungua. Si ubaya; mtu huenda mahali palipo na mazungumzo.

Alirudi kazini, stoo. Alikaa kati ya miavuli, mabegi na kiatu kimoja kimoja. Juu ya kichwa chake spika ilitangaza mabasi kwa sauti ya msichana asiyejulikana, tamu, isiyochoka, inayokosea jina la mji mmoja kila siku kwa namna ileile. Kila ilipolikosea, midomo ya Kinanda ililitamka sawasawa. Hakuna aliyemwona.

Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi. Binti alikuwa na zamu za jioni. Fundi alirudi, akanawa, akakaa, na nyumba ikawa kama kisima. Wakati wa maradhi alikuwa amejiapiza kwamba atasema. Kila siku njiani alikusanya maneno, na kila siku yalimwishia mlangoni.

Jioni moja aliamua. Alileta koki iliyoharibika kutoka kazini, akaiweka kwenye sinki la jikoni, akaanza kuifungua akiwa amempa mkewe mgongo, maana mikono ikiwa na kazi ulimi haukumwogopesha sana. Kinanda alikuwa mezani anachambua mboga.

"Leo," alisema fundi akiutazama ukuta, "nimeitwa kwa mwanasheria mmoja. Pete ya ndoa imeingia kwenye bomba. Mkewe analia. Yeye analia. Nikafungua chini ya sinki. Nikatoa uchafu. Pete hakuna. Nikaingiza waya. Nikatoa kitu kigumu." Alimeza mate. "Nikakisafisha. Ni jino. La bandia. La dhahabu. Mke akasema si langu. Mume akasema si langu. Wakaanza kutazamana. Mama mkwe akatoka chumbani, akasema, 'Basi ni langu, nipeni.' Na tulipomtazama mdomoni, meno yake yote yapo."

Akanyamaza. Alidhani hapo ndipo penye kichekesho. Nyuma yake palikuwa kimya kabisa. Hata kisu cha mboga kilikuwa kimenyamaza. Masikio yakamwaka moto. Alijua tu kwamba hajui kusimulia. Aliinama juu ya koki, akaikaza mahali ambapo hapakuhitaji kukazwa.

Ndala ikampiga mgongoni.

Akageuka. Kinanda alikuwa ameinamia meza, mboga zimemwagika, mabega yanaruka, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, na hapakutoka chochote isipokuwa hewa, ikiingia na kutoka chini ya kitambaa cha shingo, fyu, fyu. Kwa kitambo fundi alidhani anakufa. Kisha akaona macho yake.

Alikuwa anacheka. Pengine alikuwa amecheka tangu kwa mwanasheria anayelia. Fundi akafikiri juu ya maisha yao yote, jinsi alivyozoea kumsikia kutoka chumba chochote, akiwa chini ya sinki, akiwa uani, bila kuhitaji kuinua kichwa.

Mkewe alimpungia mkono kwa hasira, endelea, endelea.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. Akavuta kigoda, akakigeuza, akakaa mbele yake magoti yakigusana, na akaanza tena tangu mwanzo, maana yote yale alikuwa amelisimulia sinki.